Mume wa Bibi

"Huyu kijana ni nani yako?" afisa wa uhamiaji aliuliza.

"Mume wangu," bibi alijibu.

Kalamu ya afisa ikasimama. Kijana mwenyewe, kinyozi aliyekuwa amekaa kando ya bibi kavaa shati la kuazima, aliinua macho. Sheria ilikuwa wazi: mjukuu wa raia anapewa ukaazi, na bibi alikuwa raia tangu kuzaliwa. Mume ni habari nyingine kabisa. Wakimkatalia leo, kesho atapandishwa basi la kurudishwa mpakani, na huko alikotoka hakubaki mtu wa kumpokea.

"Bibi," afisa alisema taratibu, "hapa mmeandika mjukuu. Mtoto wa marehemu binti yako."

"Sasa mjukuu wa kiume ni nani kama si mume? Tena huyu mume jina. Tangu aje sijaona hata kipande cha sabuni."

Afisa alijikaza asicheke, akashindwa. "Mimi bibi yangu aliniita mke mwenza mpaka anaingia kaburini," alisema. "Tulikuwa tunagombania babu."

Kisha akamgeukia kinyozi, na kicheko akakiweka pembeni.

"Mama yako alikuwa akiuza nini?"

"Mitumba."

"Mguu uliokuwa ukimsumbua?"

"Wa kulia."

"Mliondoka hapa una miaka mingapi?"

"Mitano."

Majibu yalimtoka bila kukwama. Alikuwa amechoka kuogopa. Tangu afike mjini alinyoa watu nyuma ya pazia, jicho moja kwenye kichwa cha mteja na jingine mlangoni. Wakaguzi wakitokea, mwenye saluni humsukumia stoo pamoja na ndoo na mafagio. Usiku alilala usingizi wa mang'amung'amu.

Bibi hakumchimba maswali. Tangu mjukuu aondoke na mama yake, alikuwa sauti ya kwenye simu tu, na simu zenyewe zilikuwa zimekatika muda mrefu. Siku kinyozi alipobisha hodi na kusema, "Shikamoo, bibi," kwa adabu zote, bibi aliushikilia mlango akimtazama wee, mpaka kijana akadhani hatajibiwa. Mwishowe akasema, "Marahaba, mwanangu. Ingia." Ikawa hivyo tangu siku ile: mwanangu kula, mwanangu zima taa.

Afisa akagonga muhuri. Kadi ikatoka mashineni ingali na joto.

"Mtunze mkeo," alimwambia kinyozi.

Nje, kinyozi aliketi kwenye ngazi za ofisi. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na vyote viwili vilikataa. Bibi akaketi karibu naye, polepole, akishika goti.

"Umenitisha, bibi," kinyozi alisema. "Nyumbani hujawahi kuniita mume hata mara moja."

"Leo ilibidi."

Utani wote wa mle ndani ulikuwa umemtoka. Aliichukua kadi, akaigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Miwani nimeisahau. Hebu nisomee jina."

Kinyozi akalisoma kwa sauti ndogo.

"Ndilo," bibi alisema, akamshika mkono. "Mwenye jina hilo hakuwahi kuniamkia shikamoo hata siku moja. Huyo mume wangu, mwanangu, mlimzika wapi?"