Projekta ya Tatu

"Zima hiyo!" Machogu alifoka. "Unaita hiyo picha? Huo ni moshi wa jikoni."

Cleophas, muuzaji aliyepanda hadi shuleni Manga kutoka Kisii mjini na projekta tatu kwenye buti la gari lake, aliizima ya kwanza bila kinyongo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua lilimiminika darasani kupitia madirisha yasiyo na pazia, na bado mwalimu Persis, aliyeketi dawati la nyuma kabisa, alikuwa amesoma maandishi yote ukutani mpaka nukta ya mwisho.

Persis alifundisha Jiografia. Ndiye aliyeomba shule inunue projekta, na ndiye katibu wa kamati ya kuichagua. Kamati yenyewe ilikuwa yeye na Machogu, naibu wa mwalimu mkuu, basi.

Ya pili ikawashwa. Ramani ikatokea, buluu na kijani, safi kabisa. Mashine haikupiga kelele, balbu yake ilipatikana mjini, na bei yake ingebakisha pesa za vitabu vya kidato cha nne, ambao walikuwa wakigombania kitabu kimoja watu watano.

"Hii inatutosha, Bwana Naibu," Persis akasema.

Machogu alikuwa dawati la mbele, miguu ameinyoosha kama mwenye shamba. "Hapo juu mmeandika nini?"

"Mito ya Kenya."

"Ningejuaje? Uji wa jana umeongezwa maji!"

Persis akauma mdomo. Dharau gani hii, kumhoji mwalimu mwenzako kama mtoto mwenye mwandiko mbaya!

Ya tatu ilikuwa dude. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga unga, na mwanga wake uliupiga ukuta hadi Persis akakunja uso. Machogu aliinuka, akaenda karibu, karibu sana, kivuli chake kikaziba nusu ya Kenya. Akasimama pale kitambo. Alipogeuka alikuwa akitabasamu.

"Hii."

"Balbu yake inaagizwa Nairobi! Na bei yake mara mbili..."

"Madam, nimesema hii. Andika."

"Na vitabu?"

"Yaya, hapana! Vitabu, vitabu kila siku. Vitabu vitangoja."

Persis akaandika, kalamu nusura itoboe karatasi. Vitabu vitangoja! Na nani anasema? Mwalimu wa Historia ambaye miaka miwili sasa hajashika chaki. Anaingia darasani, anakaa, mwanafunzi mmoja anawasomea wenzake kitabu kwa sauti, na yeye anaongezea maneno mpaka kengele ilie. Insha ndiyo hivyohivyo, kila mtoto asimame asome yake. Uvivu uliofunga tai! Na kiburi juu yake. Tangu apewe unaibu, ukimpungia mkono njiani anakupita kama anayepita mgomba. Mtu wa Birongo, aliyelelewa kwa majani ya chai kama wengine wote, leo hajui salamu.

Saa ya chai, Joyline wa Kemia alimwita dirishani. "Njoo uone mapenzi."

Machogu na Cleophas walikuwa wakishuka ngazi za kuelekea langoni. Muuzaji alikuwa amemshika naibu mkono, wanashuka taratibu, kidato kwa kidato, kama maharusi wanaotoka kanisani.

"Hao wameshakula sahani moja," Joyline akasema.

Persis akakiacha kikombe chake dirishani, chai nusu.

Jioni ile aliandika barua kwa mwalimu mkuu. Ukurasa mmoja tu, na hakuuma maneno. Aliandika kwamba naibu amechagua mashine mbovu kwa bei ya juu, kwamba yeye na muuzaji wameonekana mkono kwa mkono, kwamba watoto wa watu watafanya mtihani bila vitabu ili yeye ashibe. Lakini Persis hakuwa mtu wa kumsema mwenzake kisogoni. Aliapa kwamba Machogu ataisoma kwanza, na yeye awepo auone uso wake.

Ijumaa mchana mvua ilikuwa ikipiga mabati alipobisha ofisini kwa naibu. Meza haikuwa na karatasi hata moja. Bila shaka, kazi zake zilifanywa na wengine.

"Nimekuletea hii kabla haijafika kwa mwalimu mkuu," alisema, akamwekea barua mkononi na kurudi kusimama mlangoni. "Ni ya projekta."

Machogu aliishika kwa mikono miwili. Aliipitisha mbele ya macho, juu hadi chini, bila haraka, akitikisa kichwa kwa kukubali. Persis alingoja uso ule ubadilike. Haukubadilika hata kidogo.

"Buya mono, madam," akasema. "Umeandika vizuri. Hujaacha kitu."

Persis alihisi damu ikimpanda kichwani. Mtu huyu hana haya? "Unayakubali yote?"

"Neno kwa neno. Lete kalamu."

Persis akaitupa kalamu mezani, akaenda kusimama dirishani, asije akamtemea mate. Mvua ilikuwa imezidi. Alipogeuza kichwa, Machogu alikuwa akitia sahihi yake kubwa katikati ya ukurasa, ikiyafunika maneno "amekula hongo".

"Shika basi, madam," naibu akasema kwa upole, akainyoosha ile barua kuelekea mlangoni, ambako hapakuwa na mtu.