Laini ya Mjini

Simu ililia mchana. Nyamizi, mwendesha mitambo wa kituo cha umeme, aliitambua sauti ya bosi wake.

“Umeme hautoshi. Kata laini ya mjini. Kiwanda kikisimama leo, meli itaondoka bila shaba yetu, na nchi nzima inaishi kwa shaba hiyo.”

“Bosi, hospitali iko kwenye laini hiyo. Mtoto wa dada yangu ni njiti, yuko kwenye mashine ya joto.”

“Wana jenereta. Kata!”

Nyamizi akakata. Akapiga simu hospitali, haikupokelewa.

Jioni alimwona dada yake akipanda kilima cha kituo polepole, amekumbatia kanga iliyokunjwa. Nyamizi alimkimbilia, kisha akasimama hatua chache mbele yake. Alitega sikio asikie kilio cha mtoto, lakini mngurumo wa kiwanda ulifunika kila sauti.