Cheupe wa Mbega

Hapo kale msituni, Mbega alijifungua mtoto wake wa kwanza, mweupe pe. Watoto wa wenzake nao huzaliwa weupe, lakini yeye aliuona weupe wao kama wa maziwa yaliyochacha.

Siku ya arobaini akatangaza, "Mwanangu ataitwa Cheupe."

"Rangi hutoka, mwanangu," mama yake akamsihi. "Mpe jina la marehemu bibi yako."

"La bibi limepitwa na wakati, mama. Msitu mzima hakuna Cheupe mwingine."

"Kwani umezaa kuku, umwite kwa rangi?" akauliza jirani yao Hondohondo, ambaye hakuwahi kuombwa maoni akayakosa. Mbega akamrushia kokwa.

Miezi mitatu haikuisha, mtoto akawa mweusi kama chungu, weupe umebaki kwenye ncha ya mkia. Mbega akashikilia jina lake vilevile, mpaka mchana mmoja kivuli cha tai kilipopita juu ya matawi.

"Cheupe!" akapiga ukelele. "Cheupe, njoo!"

"Abee! Naam!" wakaitika mbega wazima ishirini, weusi tititi, wakamrukia kwa pamoja hata tawi likapinda. Mtoto akajificha katikati yao, tai akapita.

"Kumbe nyote?" Mbega akauliza, mdomo wazi.

"Kila anayezaa mara ya kwanza hudhani kavumbua jina hilo; rangi ikitoka, linasahaulika," mama yake akajibu. "Haya, twende tukale, Cheupe."

"Abee, mama," Mbega akaitika, na ndipo akashtuka kwamba ameitika.