Kioo cha Tatu

Mhadhiri wa uhandisi aliusukuma mlango wa ukumbi wa muziki kwa kidole kimoja, akaingia, na papo hapo akasikia "tik", kama ukucha unaokatwa.

Mwezi mzima alikuwa akiuchunguza ufa wa ukuta wa ukumbi ule. Alikuwa ameubandikia vipande vitatu vya kioo chembamba. Ukuta ukisogea, kioo kinapasuka. Asubuhi vyote vilikuwa vizima.

Sasa viwili vilikuwa vimepasuka. Alikigusa cha tatu. Kilikuwa kinatetemeka.

Jukwaani mkewe, mwalimu wa kwaya, alikuwa akiwapigisha miguu wanafunzi themanini kwa wimbo alioutunga mwenyewe.

"Mama watoto, watoe nje!"

"Na wewe na ufa wako! Mezani ufa, kitandani ufa. Tuachie ubeti mmoja tu, ndio mtamu."

"Nimesema watoe!"

Mkewe alimtazama usoni, akashusha mikono. Kwaya ikanyamaza. Katika ukimya ule kila mtu aliisikia: tik.

Msichana wa mstari wa nyuma aliukimbilia mlango, akauvuta. Akauvuta tena, kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alisema taratibu, "mlango umebana."