Laptopu ya Mzee Lutfi Yagoma Kuamka

Fundi Bayumi alilaza sikio juu ya laptopu kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Watu wanne waliokuwa sebuleni wakanyosha shingo kumtazama.

"Inapumua?" akauliza Mzee Lutfi.

"Feni inazunguka."

"Basi mbona haiamki?"

"Mzee, hata mimi nikiamshwa hivyo siamki."

Ilikuwa saa kumi na dakika mbili. Huko Kuwait, kwenye visima vya mafuta ambako simu za mkononi hukusanywa langoni, Wael alikuwa amekwisha kukaa mbele ya kompyuta ya kambi. Alipewa nusu saa tu. Ndani ya nusu saa hiyo alitaka kusoma Fatiha na Mzee Lutfi, baba wa mchumba wake Shuruk, kwa kinywa chake mwenyewe, uchumba uwe umefungwa. Mama yake Wael, Hajati Insaf, alikubali kuja Iskandaria kwa sharti moja: leo au basi. Isiposomwa leo, hapandi tena ngazi za jengo hili.

Shuruk aliifungua laptopu tangu mchana, akaenda kuvaa. Aliporudi aliikuta imelala, kioo cheusi tii. Akabonyeza vitufe vyote. Akaifunga, akaifungua. Akachomeka chaja, akaichomoa. Mwisho baba yake alichungulia dirishani akamwita Bayumi, ambaye duka lake liko chini ya jengo.

Hajati Insaf ndiye aliyemfungulia mlango. "Usijichoshe, fundi," alimnong'oneza. "Isipoamka, hakuna atakayekulaumu."

"Mungu akuweke, Hajati," alijibu Bayumi, akapita.

Sasa alitoa tochi ndogo, akamulika kioo kwa ubavu, pua ikikaribia kukigusa. Macho yake yakafuata kitu ndani ya weusi ule. Akabonyeza kitufe kimoja, cha pili, cha tatu, kisha akazima tochi.

"Vipi?" aliuliza Shuruk.

"Miaka ishirini kazini, sijaona kioo cheusi kama hiki. Mzee, shuka dukani kwangu uniletee waya mrefu, uko chini ya meza. Na wewe, daktari Shuruk, nipikie kahawa. Kahawa ya taratibu."

Baba na binti wakatoka. Bayumi akaigeuza laptopu ielekee kwenye kochi, walikokaa Hajati na dada yake Saniya.

"Ipate hewa," alisema, akaanza kusugua kichwa cha chaja kwa kitambaa. "Ninyi zungumzeni tu, hamnisumbui."

Hajati alimwona fundi kama watu wengi wanavyowaona mafundi: sawa na kiti. Akatazama saa yake.

"Zikiisha dakika ishirini tunashuka," alimwambia dada yake.

"Na Wael utamwambia nini?"

"Kwamba binti alijifungia chumbani, kakataa kutoka. Na baba mtu katudharau, hata chai hakutupa."

Saniya alikuwa na kikombe cha chai mkononi na kipande cha keki ya basbusa mdomoni. Alimeza. "Ataamini?"

"Wael huyu? Nikimwambia bahari ya hapa imekauka, ataniuliza samaki wamehamia wapi."

"Masikini. Na binti yangu Hala avishwe pete lini?"

"Mwache kijana alie kwanza wiki mbili. Wanaume hulia wiki mbili. Ya tatu namletea picha ya Hala."

"Lakini dada, huyu Shuruk kwani ana ubaya gani?"

"Hana ubaya. Ana adabu, anapika. Lakini ni daktari wa meno, Saniya. Unataka mkwe anichungulie mdomoni kila Ijumaa?"

Saniya alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani.

Bayumi alikohoa. "Samahani, Hajati. Ungesogea kidogo huku katikati. Mwanga wa dirisha unaniumiza macho."

Hajati akasogea huku akisonya. "Na sauti isishuke sana, Saniya, nikinong'ona koo linaniwasha. Nilikuwa nasema nini?"

"Hala."

"Hala, ndiyo. Huyo hata nikimwambia aruke, atauliza juu kiasi gani."

Mzee Lutfi alirudi akihema, waya begani. Shuruk akaja na sinia la kahawa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika ishirini na nne, na kila mmoja aliitazama.

"Fundi?" Mzee Lutfi aliuliza.

"Waya uweke chini, mzee. Hautusaidii."

Shuruk alitua sinia, kikombe kimoja kikapinduka, na kahawa ikatambaa juu ya meza bila mtu kuifuta.

Hajati Insaf akasimama. Akatengeneza shela yake, akashusha pumzi ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Tumejaribu, baba Shuruk. Kama haikuandikwa, haikuandikwa. Mwanangu atavunjika moyo, lakini msiwe na wasiwasi. Nitamweleza taratibu. Nitawasemea vizuri."

"Tunakushukuru, Hajati," alisema Mzee Lutfi, ameinamisha kichwa.

"Dada yangu shahidi, nimeumia."

"Ameumia," alisema Saniya.

Bayumi alikunja kitambaa chake, akainama juu ya laptopu, akabonyeza kitufe cha kurudisha sauti, akakaa pembeni. "Kilichokufa ni taa ya kioo tu," alisema.

"Asalaam aleikum, Mzee Lutfi," ikasema sauti ya Wael kutoka kwenye kile kioo cheusi. "Nawaona na kuwasikia tangu saa kumi na dakika tano. Mama, kaa hapo hapo katikati, tunaanza Fatiha."