Watoto Watano

"Leo hii huyu Nabintu anarudishwa kwao." Bi Kibibi alikuwa akimfokea jirani yake Mwajabu, na wapangaji wote wameshajazana uani kusikiliza. "Hana hata kibali, halafu kila siku ananukiza samaki."

"Samaki wamekukosea nini, shoga? Sema una wivu," Mwajabu akamjibu.

Mjumbe wa mtaa, aliyeitwa na Bi Kibibi mwenyewe, alikuwa mlangoni kwa Nabintu akiomba karatasi. Nabintu aliacha kusonga ugali, akaileta. Mjumbe akaisoma kwa sauti: huyu ni mkimbizi anayetambuliwa, na sheria inakataza kumrudisha alikokimbia, yeye na watoto wake watano.

"Watano?" Bi Kibibi akadakia. "Mbona mimi namwona mmoja? Si niliwaambia mwongo huyu?"

"Karani aliniambia nitaje watoto niliowazaa," Nabintu alisema taratibu. "Nikawataja wote. Sikujua anataka walio hai tu."

Mwajabu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alijishika mdomo. Bi Kibibi aliikodolea macho karatasi mkononi mwa mjumbe. Watoto wanne, sheria inawakinga wasirudishwe kulekule walikozikwa.

Nabintu aliichukua karatasi yake, akaikunja, akaipua ugali, akautandaza kwenye sinia na samaki wake. Kisha akasogea mkekani, akaacha nafasi.

"Karibu tule, mama," akamwambia Bi Kibibi.

Bi Kibibi alisogea hadi kizingitini, akabaki hapo, kandambili moja mguuni, nyingine ameivua na kuishika mkononi.