Jina Pembeni mwa Sentensi

Kwenye kizuizi cha daraja la Garissa, mwaka 1966, askari alianza na barua yangu. Ilisema nimeshinda tuzo ya utafiti bora wa uzamivu, wa kulinganisha lugha za dunia.

"Daktari," akasema. "Haya, mgongo unaniuma. Nipe dawa."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka.

Kisha akafungua daftari langu la utafiti. Kidole gumba chake, chenye ukucha uliopasuka, kilishuka polepole kwenye mistari ya Kiborana na tafsiri zake za Kiswahili. Kikasimama.

"'Wanaume watatu walikunywa maji kisimani kwetu, wakaondoka.' Mashifta gani hawa, waasi wa wapi?"

"Ni mfano tu wa lugha, afande."

"Hapa pembeni pameandikwa Qabale. Qabale ni nani?"

Ndivyo tulivyofundishwa chuoni: kila sentensi iandikwe pamoja na jina la aliyeitamka. Niliona ni heshima.

Nyuma yangu, kati ya abiria walioshushwa kwenye lori, bibi Qabale alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa. Nilikuwa nampeleka hospitali kutibiwa macho. Hakujua Kiswahili, lakini jina lake alilisikia. Kifuniko cha kibuyu kikaanza kugongagonga.

Sikugeuka. Wanawake hatukuwa na vipande vya utambulisho kama wanaume. Jina langu lilikuwa kwenye barua ile tu.

"Qabale ni mimi," nikasema.

"Na huyu daktari wa kwenye barua?"

"Simjui. Niliiokota kwenye lori."

Askari akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, kisha akanishika mkono, akanivuta mbali na lori.